Ndege Tunazozitaka Kiomboi

Mwaka ukikaribia kwisha, warushaji wa ndege ndogo za rimoti duniani huulizana swali lile lile: mwakani viwanda vitutolee ndege gani? Mmoja hutaka Spitfire yenye mabawa ya mita mbili. Mwingine hutaka Mustang inayokunja magurudumu ikishapaa. Wapo wanaoomba Corsair, wapo wanaoomba F-16, na kila mmoja ana hoja zake juu ya ukubwa, bei, rangi na aina ya betri. Nimeyafuatilia maombi hayo kwa miaka mingi nikiwa hapa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, na yamenifunza mengi. Lakini orodha yangu haifanani na yao. Juu kabisa nimeandika ndege ya injini moja, yenye pua butu na bawa linalopita juu ya kichwa cha rubani. Utotoni niliijua kwa jina moja tu: ndege ya kwelea kwelea.

Ambaye hajalima mtama atalichukulia jina hilo kirahisi. Babu yangu alikuwa na shamba la mtama na uwele bondeni, upande wa Shelui, ukishateremka mlima Sekenke kuelekea mbuga ya Wembere. Sisi tuliishi huku juu kwenye baridi, lakini mtama ulipotoa masuke watoto tulishushwa bondeni kwenda kuamia. Tulipanda dungu alfajiri tukiwa na makombeo, madebe mabovu na kamba ndefu zilizofungwa makopo, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Kwelea kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku hula punje za gramu kama 10. Shida ni kwamba haji peke yake. Wakija milioni moja, na kwao milioni moja si kundi la ajabu, wanaondoka na tani 10 za chakula kabla jua halijazama. Niliona shamba la jirani yetu likimalizwa asubuhi moja. Mtama ulibaki umesimama vile vile, mrefu na mzuri, ila masuke yalikuwa matupu, na mwenye shamba alikuwa ameketi kwenye tuta hasemi na mtu.

Kwa hiyo siku bwana shamba alipokuja na baiskeli kutuambia kwamba ndege imeombwa na imekubaliwa, watu wazima waliacha majembe wakamzunguka. Babu alitaka kujua habari za visima.

"Vifunikeni, mzee wangu," alijibu. "Na ng'ombe wasishuke kule kwenye matete mpaka nirudi niwaambie. Ndege watakaokufa msiwaokote kuwala, hata wakionekana wazima."

"Sasa mbona inakuja jioni? Jioni rubani ataona nini?"

"Mchana wametawanyika, mzee. Jioni wanarudi kulala pamoja. Hapo ndipo dawa inawakuta."

Tuliisikia kabla hatujaiona. Mlio wake ulikuwa mzito, wa chini chini, ukatokea upande wa mlima jua likiwa limekwisha kuwa jekundu. Ilishuka kiasi kwamba niliiona kofia ya rubani. Ikapita juu ya matete, nyuma yake ukatandazika ukungu mwembamba, kisha ikainuka, ikalala ubavu, ikageuka juu ya migunga na kurudi kwa mstari wa pili uliopakana na ule wa kwanza. Ikafanya hivyo tena na tena. Nilikuwa nimeona trekta likigeuka mwisho wa shamba kwa shida na makelele. Hii iligeuka hewani mahali padogo zaidi, na mistari yake ilinyooka kuliko ya trekta. Giza lilipokaribia iliondoka kuelekea ilikotoka, na sisi hatukujua ni wapi.

Miaka mingi baadaye nilikutana na picha ya ndege iitwayo de Havilland Beaver, nikajua ndiyo ile. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962 na ambalo Tanzania ni mwanachama, lilitumia Beaver kwa miaka mingi katika vita dhidi ya nzige, viwavijeshi na kwelea kwelea. Ndege ile ilitengenezwa Kanada kwa ajili ya misitu na maziwa yenye barafu, ikaishia kuokoa mtama wa Wembere. Nitarudi kwenye asili yake, kwa sababu humo ndimo nilimopata somo kubwa kuliko yote katika kazi hii ya ndege ndogo.

Kwanza niseme tulivyozijenga zetu. Dunguni kuna saa ndefu za katikati ya mchana, kwelea kwelea wakiwa wamejificha kivulini, na mtoto hawezi kukaa bure. Bua la mtama lililokauka lina ganda gumu linalong'aa, na ndani yake kuna moyo mweupe, mwepesi kabisa, unaokatika hata kwa ukucha. Ukilimenya ganda kwa uangalifu unapata vijiti vyembamba na vyenye ncha, navyo ndivyo misumari yako. Kipande kirefu cha moyo wa bua kinakuwa kiwiliwili cha ndege. Vipande vya ganda vinapitishwa kukingama na kuwa mabawa, vinavalishwa jani kavu la mtama au karatasi ya daftari lililokwisha. Hakuna gundi, hakuna uzi. Ndege nzima inashikwa na bua lenyewe.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa fundi. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mtu: "Pua kwanza." Kabla ndege haijarushwa alichukua udongo wenye maji kutoka kwenye mtungi wa kunywea, akaubandika puani kidogo kidogo, kila mara akiiweka ndege juu ya vidole viwili chini ya mabawa kuona inainamia wapi. Bila udongo, ndege iliinua pua, ikasimama hewani na kuanguka kwa mkia. Udongo ukizidi, ilizama moja kwa moja. Ukitosha, ilielea kutoka juu ya dungu hadi mwisho wa tuta la tano au la sita, imetulia, na sisi tulikimbia nyuma yake tukipiga vigelegele hata kwelea kwelea tukawasahau.

Vitabu vya ndege ndogo vina sura nzima juu ya jambo hilo. Vinasema kitovu cha uzito kikae kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Nilipolisoma hilo nikiwa mtu mzima, nilichukua rula nikapima mahali nilipokumbuka vidole vya kaka vilikuwa vinakaa. Vilikuwa hapo hapo. Hakuna aliyemfundisha. Alifundishwa na mabua yaliyoanguka, na mpaka leo nikimpa kijana ndege ya kwanza aijenge, simpi rimoti. Nampa bua au kipande cha povu gumu na donge la udongo, nasubiri akipate kitovu mwenyewe.

Orodha yangu ilikua taratibu. Kulikuwa na Cessna za wamisionari zilizohudumia hospitali kama Haydom, ndege ndogo zenye bawa juu na miguu isiyokunjwa. Halafu kulikuwa na zile za Shirika la Ndege Tanzania, ATC, lililoundwa mwaka 1977 baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika. Mjomba wangu mmoja aliyefanya kazi Dar es Salaam alituletea picha zake: Fokker Friendship ya injini mbili, tumbo lake likining'inia chini ya mabawa, na Twin Otter iliyotua kwenye viwanja vifupi vya majani ambako nyingine hazikuweza. Twiga wa nembo ya ATC nilimchora kwenye kila daftari nililokuwa nalo.

Redio ilikuja baadaye. Fundi redio mmoja wa hapa Kiomboi alinikaribisha kwenye kibanda chake nikiwa kijana, nikajifunza kulehemu, kupima nyaya na kutambua transista iliyokufa. Siku moja mteja alileta gari la rimoti la mtoto lililogoma. Fundi alilifungua mezani akanionyesha njia ya amri, kutoka kidole hadi antena, kutoka antena hadi mota. "Hili gari halina akili," akaniambia. "Linasikia tu. Ukielewa linasikiaje, unaweza kukiamrisha chochote." Nilikwisha kujua ni kitu gani nataka kukiamrisha.

Waliotangulia katika jambo hili walikuwa vijana wa kawaida. Ndugu wawili mapacha wa Marekani, Walter na William Good, waliirusha ndege yao ya redio waliyoiita Guff mwaka 1937. Redio ya siku hizo ilitumia taa za kioo na betri nzito, kwa hiyo ndege yenyewe ilibidi iwe kubwa, mabawa yake yakikaribia mita mbili na nusu. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Mambo mengi yamerahisishwa tangu wakati huo. Zamani watu wawili wenye rimoti za masafa mamoja wakiwasha kwa pamoja, ndege iliyo hewani ilianguka. Tangu katikati ya miaka ya 2000 zimeenea rimoti za gigahezi 2.4, ambazo kila moja inajuana na ndege yake tu. Mota nazo zimeachana na brashi za kaboni, zikawa ndogo na zenye nguvu. Sevo, kile kimashine kinachovuta usukani wa mkia au wa bawa, kinapatikana chenye uzito wa gramu 9, na Dar es Salaam kinauzwa kwa wanafunzi wanaojenga roboti.

Kifurushi kutoka Dar kinakuja na basi, kinateremshwa Misigiri kwenye njia panda, na bodaboda inakifikisha Kiomboi. Mota inakuja hivyo, sevo zinakuja hivyo. Betri ndiyo kazi. Betri za lithiamu zikiumia zinaweza kuwaka, na tangu mwaka 2016 ndege za abiria duniani haziruhusiwi kubeba shehena ya betri za lithiamu zilizofungashwa peke yake. Kwa hiyo mtu aliye mbali na bandari anasubiri muda mrefu na kulipa bei kubwa kwa kitu ambacho mrushaji wa Ulaya anakinunua dukani akitoka kazini. Sisi tulijifunza kufungua betri za kompyuta mpakato zilizotupwa. Ndani mna seli za duara, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, kila moja ya volti 3.7 hivi. Unazipima moja moja, mbovu unaziweka kando, nzima unaziunga tatu tatu. Haziwezi kutoa umeme mwingi kwa mara moja, kwa hiyo ndege nzito ya kivita hazitaibeba. Ndege nyepesi yenye bawa pana zitaibeba kwa raha, na itakaa hewani muda mrefu.

Hapo ndipo ardhi na hewa ya Iramba vinaanza kuandika orodha vyenyewe. Kiomboi iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 14, hata kabla hujahesabu joto la mchana. Ndege iliyopimwa kwenye nyanda za chini za Ulaya, ikatoka boksini na maelezo kwamba itapaa baada ya mita kumi, huku itataka mbio zaidi, au pangaboi kubwa zaidi, au itolewe uzito. Upepo wa mkoa wetu wa Singida nao unajulikana. Ukitaka kurusha kwa utulivu, uwe uwanjani kabla ya saa mbili asubuhi. Uwanja wenyewe ni wa mpira, una kokoto, mizizi na nyayo za ng'ombe zilizokauka baada ya mvua. Magurudumu madogo ya kiwandani yanakwama kwenye unyayo mmoja wa ng'ombe, ndege inapiga pua, mota inapinda.

Tulichofanya ni kukata magurudumu kutoka kwenye kandambili, mapana na laini, kama yale ya magari yetu ya waya. Ekseli ni spoku ya baiskeli. Spoku hiyo hiyo inatoa fito za kuvutia usukani, kwa sababu ni nyembamba, haipindi ovyo na ina nyuzi za skrubu tayari upande mmoja. Mhimili wa bawa ni ufito wa mwanzi uliopasuliwa na kulainishwa kwa kipande cha chupa. Bawa lenyewe tunalikata kutoka kwenye lile povu gumu jeupe linalozunguka televisheni ndani ya boksi. Wenye maduka ya vifaa vya umeme walikuwa wakilichoma moto, sasa wanatuwekea.

Sasa nirudi kwenye Beaver. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, kiwanda cha de Havilland cha Kanada kilitaka kutengeneza ndege mpya ya kiraia. Badala ya wahandisi kukaa peke yao na kalamu, waliwauliza marubani wa porini, watu waliokuwa wakibeba wawindaji, wagonjwa, barua na mafuta kwenda mahali pasipo na barabara. Punch Dickins, rubani wa porini mwenye sifa ambaye wakati huo alikuwa msimamizi wa mauzo kiwandani hapo, ndiye aliyekusanya majibu. Marubani hawakuomba mwendo wa kasi. Waliomba nguvu ya kupaa kwenye nafasi fupi. Waliomba milango mipana pande zote mbili, kiasi cha kuliviringisha pipa zima la mafuta likaingia. Waliomba injini iweze kuongezwa oili kutoka ndani, rubani akiwa kwenye kiti chake, kwa sababu kusimama nje kwenye baridi ya Kanada na kopo la oili ni mateso. Beaver iliruka mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1947, mabawa yake yana mita 14.6 na injini ya nguvu farasi 450, na zilitengenezwa zaidi ya 1,600. Bado zipo zinazofanya kazi.

Niliposoma habari hiyo nilielewa kwa nini ndege ile iliweza kugeuka vile juu ya migunga ya Wembere. Iliombwa na watu waliokuwa wakibeba mizigo. Kila ombi lao lilikuwa na pipa ndani yake, au kidole kilichokufa ganzi, au kiwanja kilichokuwa kifupi mno. Nikaitazama upya orodha yangu ya zamani, yenye majina matupu ya ndege, nikaanza kuiandika tena kwa maneno ya mtu anayerushia kwenye uwanja wa kokoto.

Inasema hivi kwa sasa. Nataka Beaver ya kipimo cha moja kwa kumi, mabawa sentimita 146, ije na magurudumu mapana, na bawa litenguke vipande viwili ili libebeke kwenye bodaboda. Nataka iruke kwa seli za kompyuta, na nafasi ya betri iwe pana ya kutosha kwa betri ya umbo lolote, maana huku hatuchagui. Nataka povu linalokubali gundi ya kawaida ya dukani bila kuyeyuka. Nataka sevo zifikiwe bila kupasua bawa. Nataka tumboni mwake mlango mdogo unaofunguka kwa rimoti, wa kudondosha kitu: mbegu, pipi, unga, chochote ambacho mtoto atataka kukidondosha kwa mstari ulionyooka. Baada ya hiyo naitaka Twin Otter ya ATC, na baada ya hiyo Fokker Friendship, ingawa kwa kipimo hicho hicho mabawa ya Fokker yanafika mita 2.9 na sijui nyumba gani ya Kiomboi itailaza.

Beaver na Twin Otter zimewahi kutolewa na zaidi ya kampuni moja, tena nzuri. Sizilalamikii kampuni hizo. Zinatengeneza kinachoombwa na wanunuzi wengi, na wanunuzi wengi wamekulia karibu na makumbusho ya ndege za vita. Babu zao walizirusha. Nawaheshimu kwa kuwakumbuka babu zao. Langu ni kwamba na sisi tuna babu waliotazama juu, na ndege walizozitazama zilikuwa za dawa, za barua na za wagonjwa. Kama sisi wenyewe hatuziombi wala kuzijenga, hakuna mwingine wa kufanya hivyo.

Watoto wa mtaani kwetu, pamoja na wale wa dada yangu, nimewazoesha kuandika orodha zao kwa utaratibu huo. Wanaweza kutaka ndege yoyote duniani, lakini chini ya jina waandike itabeba nini, itatua wapi, na ikivunjika itatengenezwa kwa vitu gani. Mwanzoni wote waliandika Dreamliner, kwa sababu ile ya kwanza ya Air Tanzania ilipowasili Julai 2018 walikuwa wameiona kwenye televisheni. Walipofika kwenye swali la itatua wapi, kalamu zilisimama. Wengine walibadilisha ndege. Mmoja alibaki na Dreamliner yake akachora uwanja wa kuitosha kutoka Kiomboi kuelekea Misigiri, na nilimsifu, kwa sababu alikuwa amepima.

Binti wa dada yangu aliandika ndege yenye umbo la mwewe. Itabeba: "kivuli chake." Itatua: shambani. Nilimuuliza kivuli cha nini.

"Cha kuamia, mjomba. Kwelea kwelea wanamwogopa mwewe. Wakiona kivuli kinapita juu watakimbia, na mimi nitakuwa nimekaa chini na rimoti."

Alikuwa hajui kwamba Uholanzi kuna watu waliotengeneza ndege ya rimoti yenye umbo la kipanga, inayopiga mabawa, kwa ajili ya kufukuza ndege kwenye viwanja vya ndege. Alilifikia wazo hilo kutoka kwenye dungu, kama marubani wa Kanada walivyoufikia mlango mpana kutoka kwenye pipa. Tuliijenga pamoja kwa povu, mabawa yamelala nyuma, mkia umepanuka, tumeipaka masizi na udongo mwekundu. Tulishuka nayo bondeni wakati wa masuke. Kundi dogo lililokuwa limetua pembezoni mwa shamba liliinuka lote kwa pamoja, likazunguka, likaenda kutua kwenye shamba la jirani.

Alishusha rimoti akanitazama. Sikuwa na la kumfariji, na sikuona haja. Hivyo ndivyo kuamia kulivyo tangu enzi za babu: unamsukumia mwenzako. Usiku ule tulikaa nikamweleza kwa nini ndege ya kwelea kwelea iliombwa na wilaya nzima na kugharimiwa na nchi kadhaa kwa pamoja, na kwa nini ilikwenda walikolala badala ya walikokula. Alisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi yake alikuwa ameongeza mstari kwenye orodha: ndege ya kamera, iwe nyepesi, ikae hewani muda mrefu, itafute wanakolala ili bwana shamba aambiwe mapema. Hiyo seli za kompyuta zitaibeba.

Na si ndoto. Zanzibar kuanzia mwaka 2016 ilipigwa picha kutoka angani kwa ndege ndogo za povu aina ya eBee, zinazorushwa kwa mkono, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika kama 40. Ukizivua kompyuta zake, ndege hizo ni ndugu wa zile tunazozikata kwa wembe mezani. Kijana aliyejifunza kitovu cha uzito kwa donge la udongo hataziogopa.

Anayetaka kuanza ajue pia kwamba anga lina wenyewe. Kabla hujaagiza chombo chochote cha kuruka kwa rimoti, ulizia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, upate maelekezo ya usajili na vibali, hasa kama kina kamera, maana huko Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake. Usirushe karibu na uwanja wa ndege, kambi, au juu ya vichwa vya watu. Sisi tumezoea kumpa taarifa mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mkuu wa shule yenye uwanja, na mara nyingi wanakuja kutazama.

Kimebaki kitu kimoja ambacho siwezi kukikata kwa wembe wala kukiagiza kwa basi. Ili kujenga ndege iliyofanana na ya kweli unahitaji picha: ubavu, juu, mbele, rangi, namba za usajili. Za Spitfire zipo kwa maelfu, kila skrubu imepigwa picha. Za ndege zilizopuliza dawa Wembere, za Twin Otter zilizotua kwenye viwanja vyetu vya majani, za Cessna za misioni zikiwa na wagonjwa mlangoni, ziko kwenye masanduku ya watu, nyingine zimeanza kuliwa na mchwa. Mimi mwenyewe ile niliyoiona kutoka dunguni naikumbuka kwa umbo na mlio tu, maana jua lilikuwa nyuma yake na rangi yake sikuiona. Kama mzazi wako alikuwa bwana shamba, rubani, fundi wa uwanja au mtumishi wa ATC, fungua sanduku lake leo. Andika nyuma ya kila picha mwaka na mahali, muulize aliye hai akutajie rangi, kisha mwonyeshe kijana wa karibu nawe anayejenga ndege.